Shemeji asema Xbox, mwanangu ataka PS5, jirani ana Nintendo: ninunue ipi?

Mshauri, salaam nyingi kutoka Kibirizi, Kigoma.

Mimi ni mama wa watoto wawili na shughuli yangu ni dagaa. Ninanunua mwaloni alfajiri mitumbwi inapoingia, ninaanika mwenyewe, na wakishakauka ninawasafirisha kwa wateja wangu wa Tabora na Dar es Salaam. Mwaka jana nilimwahidi mwanangu wa kwanza, Yusufu, kwamba akifaulu Darasa la Saba nitamnunulia mashine ya gemu. Nilitamka ahadi hiyo nikiwa na haraka ya kuwahi sokoni, wala sikujua kwamba mtoto ameiandika moyoni. Alifaulu, sasa ana miaka 14 na yuko Kidato cha Kwanza. Hajawahi kunidai hata siku moja, ila kila Jumamosi anafuta vumbi kwenye meza ya televisheni na kusogeza vitu vyote upande wa kulia, akiacha nafasi tupu upande wa kushoto. Nafasi ile inanisuta.

Giza lililopita, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ziwa lilitoa vizuri, nami nimetenga shilingi laki 9. Shida ni kwamba kila ninayemuuliza ana mashine yake. Yusufu anataka PS5, yaani PlayStation ya tano, kwa sababu mwenzake wa Katubuka anayo na amemwambia kwamba PS4 imeshakufa. Nimeuliza bei madukani Mwanga nikaambiwa milioni 1 na laki 6, nami sina. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema nichukue Xbox Series S, kwamba laki 9 zinatosha kuipata mpya, na kwamba sitanunua diski tena maisha yangu, maana ninalipa kidogo kila mwezi na watoto wanacheza mamia ya gemu. Mwalimu tunayepakana naye ana Nintendo Switch, na binti yangu Zawadi, mwenye miaka 8, akienda kule harudi mpaka aitwe mara tatu. Halafu kuna muuzaji mmoja ambaye ana PS4 Slim mbili zilizotumika: moja anaiuza laki 5 na nusu, nyingine laki 6 na nusu kwa sababu ndani yake tayari kuna gemu 30.

Televisheni yetu ni ya inchi 32, ina matundu ya HDMI mawili. Intaneti tunayo ya bando la simu tu. Umeme upo, lakini unakatika, na ukirudi wakati mwingine taa zinawaka kwa nguvu kuliko kawaida. Nakuomba unieleze kama mtu asiyejua chochote: ninunue ipi, na je, hii ni matumizi ya busara au ninazitupa fedha za dagaa?

Mama Yusufu,
Kibirizi, Kigoma.

JIBU

Mama Yusufu, salaam, na hongera kwa kijana kufaulu.

Laki 9 zako zinatosha kutimiza ahadi na chenji ikabaki. Nunua ile PS4 Slim ya laki 5 na nusu, isiyo na gemu zilizopachikwa ndani, ikiwa itavuka ukaguzi nitakaokueleza mbele. Fedha itakayobaki nunua pedi ya pili (kile kidhibiti cha kushika mkononi wakati wa kucheza), stabilaiza, na diski mbili au tatu. Najua jibu hili halilingani na la Yusufu, la shemeji wala la mwalimu, kwa hiyo nawajibika kukueleza kwa kirefu nimelipataje.

Wote waliokushauri wamelinganisha mashine kwa mashine, na katika hilo hakuna aliyekudanganya. PS5 ina nguvu kuliko PS4 kwa mbali. Xbox Series S ni mashine nzuri kwa bei yake. Switch inapendwa na watoto kwa sababu za haki kabisa. Ila mashine ya gemu peke yake haichezi kitu. Lazima gemu iingie ndani yake, na ninyi mnaoishi Kibirizi mna njia mbili tu za kuiingiza: kwa diski inayosukumwa kwenye mlango wake, au kwa intaneti. Kabla hujauliza ipi ina picha kali, uliza gemu itaingilia wapi, kwa sababu hapo ndipo fedha yako itakapokuwa inatoka kila mwezi kwa miaka minne au mitano ijayo.

Tuanze na ushauri wa shemeji, maana ndio unaovutia zaidi kwa hesabu ya siku ya kwanza. Xbox Series S ilitoka Novemba 2020, sambamba na kaka yake Series X, na ilipunguzwa bei kwa kuondolewa vitu kadhaa, kikubwa kikiwa ni mlango wa diski. Haina kabisa. Kila gemu lazima ishushwe kwa intaneti, na gemu kubwa za siku hizi huchukua kwa kawaida gigabaiti 50 hadi 100 kila moja. Chukua gemu ya gigabaiti 60. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, itahitaji zaidi ya saa 26 mfululizo bila mtandao kuyumba wala umeme kukatika, na itameza bando ambalo sidhani umewahi kununua kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni gemu moja. Ukitaka ya pili unaanza upya, na nafasi nayo ina kikomo: Series S ya kwanza inatangazwa kuwa na gigabaiti 512, lakini zinazobaki kwa ajili ya gemu ni kama 364, hivyo baada ya gemu tano au sita kubwa mtoto anaanza kufuta moja ili aingize nyingine, kisha siku akiitamani ile aliyoifuta mnanunua bando tena.

Shemeji yako hasemi uongo, ila anasema akiwa kwake. Ikiwa nyumbani kwake kuna intaneti ya waya isiyo na kikomo, basi kwake yeye Series S ni chaguo zuri sana, na hata mimi ningekuwa hapo ningeifikiria. Nililipa ada ya kujifunza jambo hili. Nilimletea mtoto wa dada yangu, Ujiji, mashine isiyo na mlango wa diski, mpya, ndani ya boksi lake, kwa sababu muuzaji alinieleza kwamba diski ni mambo ya zamani. Usiku ule tuliiwasha, ikaomba intaneti. Tukaiunganisha na simu yangu, ikaanza kujisasisha yenyewe kabla hata hatujachagua gemu. Bando liliisha mstari wa kijani ukiwa haujafika nusu. Yule mtoto alikaa mbele ya kioo ameshika pedi kwa mikono miwili, akaniuliza, “Mjomba, tungoje mpaka saa ngapi?” Sikuwa na jibu, na lile swali ndilo lililonifanya nianze kuuliza watu na kusoma kuhusu mashine hizi kwa makini.

Kuna na hili la malipo ya kila mwezi. Mshahara wa mwalimu huingia kila mwisho wa mwezi, na anaweza kupanga ada ya kila mwezi bila wasiwasi. Riziki yako wewe inafuata giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, nawe unapumzika nao. Na tangu 2024 tumeona ziwa likifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Maktaba ya gemu ya kulipia hufungwa siku unapokosa kulipa, na mamia ya gemu uliyoahidiwa yanatoweka yote kwa pamoja, wakati diski uliyoinunua kipindi cha neema inakaa kabatini na kuchezeka vilevile Julai ziwa likiwa limefungwa. Kwa mtu anayepata fedha kwa misimu, kununua kitu mara moja na kukimiliki ni bora kuliko kukikodi kila mwezi, hata kama kwenye karatasi kukodi kunaonekana rahisi.

Nintendo Switch nitaizungumzia kwa heshima, kwa sababu Zawadi ana haki ya kusikilizwa sawa na kaka yake. Switch ilitoka Machi 2017, na sifa yake kubwa ni kwamba inachezwa kwenye televisheni au mkononi ikiwa na betri yake. Toleo la kwanza kabisa hukaa na chaji kati ya saa 2 na nusu hadi 6 na nusu kutegemea gemu, na lile lililoboreshwa mwaka 2019 hufika saa 4 na nusu hadi 9. Mahali ambapo umeme unakatika hiyo si faida ndogo. Umeme inaokula nao ni kidogo mno. Gemu zake za kadi zinaingia bila intaneti. Ni vijikadi vidogo kama ukucha wa kidole gumba, na Nintendo wamevipaka dawa chungu makusudi ili mtoto akivitia mdomoni avitemee mbali. Laiti Zawadi angekuwa mtoto wako wa pekee, pengine barua hii ingekuwa na jibu jingine. Kinachonizuia ni kwamba bei za gemu za Nintendo hazishuki haraka kama za wengine, hata gemu ikishatimiza miaka kadhaa, na zaidi ya hapo ni nani Kigoma atakayebadilishana kadi na watoto wako? Una mwalimu mmoja. Mwalimu akihamishwa kituo, Switch yako inabaki yatima.

Hapo ndipo PlayStation inapowazidi wenzake katika mji wetu, na faida hiyo haimo ndani ya mashine. Tangu enzi za PS2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, vibanda vya gemu vyetu vimekuwa vya PlayStation. Sisi tuliokulia Ujiji tulilipia dakika zetu mbele ya PS2 tukiwa tumesimama kwa sababu mabenchi yalijaa. Fundi anayefungua mashine za gemu katika mji huu amejifunzia kwenye PlayStation. Ukitaka diski iliyotumika, utapata ya PlayStation kwanza, na watoto wa shule wanabadilishana hizo: leo nipe yako ya mpira, mimi nikupe ya magari, Jumatatu turudishiane. Yusufu akiwa na diski tatu na wenzake watatu wakiwa na tatu kila mmoja, amepata gemu 12 kwa bei ya tatu, bila hata megabaiti moja ya bando kwa kuziazima. Diski za PS4 hazina mpaka wa nchi pia. Iliyonunuliwa Dubai au Uingereza inacheza Kigoma sawasawa.

Tena PS4 inacheza diski bila kulazimika kufungua akaunti ya mtandaoni. Nalisema kwa sababu Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, yaani huduma ya mtandaoni ya mashine hizi. Wengi wetu wenye akaunti tumezifungua kwa nchi nyingine, jambo ambalo kanuni za huduma yenyewe hazilikubali, na kulipia kutoka huku ni usumbufu. Kwa diski, usumbufu huo wote unaukwepa. Kucheza watoto wawili pamoja kwenye kochi moja hakuhitaji ada yoyote. Ada ya PlayStation Plus inahusu kucheza mtandaoni na watu wa mbali katika gemu nyingi za kulipia.

Sasa nimjibu Yusufu mwenyewe, na naomba umsomee sehemu hii.

Mwanangu, mwenzako wa Katubuka hajakosea kusema kwamba PS5 ni bora. Ilitoka Novemba 2020, miaka saba baada ya PS4, na gemu zake hufunguka kwa sekunde pale ambapo PS4 inakuweka ungoje. Ziko gemu ambazo hutazicheza kwenye PS4, kama Marvel's Spider-Man 2 ya mwaka 2023, iliyotengenezwa kwa PS5. Hilo sitakuficha. Lakini kusema kwamba PS4 imekufa ni kupita kiasi, kwa sababu gemu ya mpira ambayo zamani iliitwa FIFA, na sasa inaitwa EA Sports FC, imeendelea kutolewa kwa PS4 pia, hadi toleo la FC 26 la Septemba 2025. Halafu sikiliza jambo ambalo huenda mwenzako hakukwambia: PS5 yenye mlango wa diski inacheza karibu gemu zote za PS4, kwa diski zilezile. Kila diski utakayoinunua leo utakwenda nayo kwenye PS5 siku mama atakapojaliwa. Kitakachobaki nyuma ni pedi, kwa kuwa pedi ya PS4 ukiiunganisha na PS5 inakubali gemu za PS4 tu.

Mama Yusufu, kuna sababu nyingine ya kutokukopa ili ufikie PS5, nayo iko ukutani kwako. Sehemu kubwa ya uzuri wa picha za PS5 umelengwa kwa televisheni za 4K, zile zenye picha kali zaidi. Televisheni ya inchi 32 kwa kawaida si ya 4K, kwa hiyo ungekuwa umelipia maji ya ziwa zima ukachota kwa kikombe. Kisha fikiria umeme wa Luku. PS5 ikicheza gemu nzito hula kama wati 200, PS4 Slim wati 80 hadi 100, Xbox Series S wati 70 hadi 80, na Switch ikiwa kwenye televisheni haifiki 20. Kwa saa mbili kila siku kwa mwezi mzima, bila kuhesabu televisheni, PS5 inakutafunia uniti 12, PS4 Slim uniti 5 au 6, Series S 4 au 5, na Switch kama 1. Uniti 12 si nyingi kwa wengine, lakini kama nyumba yako iko katika kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa bei nafuu, unaweza kujikuta umesukumwa kuvuka mstari huo na mashine ya gemu. Angalia risiti zako za miezi mitatu iliyopita uone uko umbali gani na 75.

Kuhusu ile PS4 ya laki 6 na nusu yenye gemu 30 ndani, nakusihi uiache, na hapa sisemi kwa upole. Gemu hizo hazikununuliwa. Mashine imevunjwa kufuli la programu yake ili ikubali gemu za kunakili, na ili iendelee kuzikubali lazima ibaki na programu ya zamani isiyosasishwa. Maana yake ni kwamba haitakiwi kugusa mtandao wa PlayStation, kwani ikigunduliwa inaweza kufungiwa; na diski mpya inayodai programu mpya ikiingizwa, mashine inaikataa. Ukiisasisha, gemu 30 zinakoma kufunguka. Unalipa laki 1 zaidi kununua kizuizi, tena kwa kazi za watu waliozitengeneza na hawakulipwa. Zaidi ya hayo, muuzaji anayepachika gemu 30 hachagui za umri wa mtoto wako. Huenda humo ndani mna za kuua na matusi, zenye alama ya 18 kwenye boksi, lakini wewe boksi hulioni.

Alama hiyo ijue, kwa sababu utaikuta kwenye diski pia. Pembeni mwa jalada, chini, kuna namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Hizo ni alama za Ulaya za umri unaofaa, hazihusiani na ugumu wa gemu. Gemu za mpira kwa kawaida ni 3. Yusufu akikuletea yenye 18 na kusema kwamba wote shuleni wanacheza, wewe shikilia namba.

Sio kila diski ina gemu nzima ndani, na hili ni muhimu kwa mtu wa bando. Mfano uliojulikana sana ni Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, ambayo diski yake ya PS5 ilikuwa na takriban megabaiti 70 tu, na mamia ya mara ya ukubwa huo yakabaki kushushwa. Kabla ya kununua diski, geuza boksi usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona imeandikwa kwamba intaneti inahitajika ili kucheza, irudishe rafuni. Kwa kuanzia, mnunulie Yusufu EA Sports FC yoyote ya miaka ya karibuni, hata ya mwaka jana ambayo bei yake huwa imeshuka sana, na mnunulie Zawadi Minecraft au Crash Team Racing Nitro-Fueled ya mbio za magari, ambayo kioo hugawanywa na hadi watu wanne wakashindana pamoja. Ukitaka gemu ya tatu, waache wakubaliane wenyewe.

Umeme nao una masharti yake. Mashine hizi zinakubali umeme kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo hata iliyotoka Japani haihitaji transfoma. Angalia tu plagi isiwe ya mapini bapa mawili. Ila taa kuwaka kwa nguvu baada ya umeme kurudi, kama ulivyoeleza, ni dalili ya volti kupanda, na hiyo ndiyo inayounguza. Nunua stabilaiza kabla hujanunua hata diski ya pili, na iwe ya kuhudumia televisheni na mashine kwa pamoja. Ukiweza kupata UPS ndogo, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, ni bora zaidi, si kwa ajili ya kuendelea kucheza gizani, bali kwa zile dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu, kwa sababu ndani ya PS4 kuna diski kuu inayozunguka, na kukatikiwa umeme ikiwa inaandika ndiko kunakoiharibu. Kwa sababu hiyohiyo wafundishe watoto kuizima kabisa wakimaliza. Kuna hali ya kuilaza ambayo taa yake hubaki ya rangi ya chungwa. Hiyo bado ni mashine inayotumia umeme, na umeme ukikatika ni kama imekatikiwa ikiwa macho.

Sasa siku ya kununua. Nenda na Yusufu, tena mchana, na mwazime diski moja kwa rafiki mnayemwamini. Geuza mashine usome kibandiko chake: PS4 Slim huandikwa CUH-20, CUH-21 au CUH-22, na tarakimu na herufi zinazofuata. Ukikuta CUH-10, 11 au 12 hiyo ni PS4 ya mwaka 2013 na iliyofuata, nene zaidi na inayokula umeme mwingi, na bei yake haitakiwi kuwa sawa na ya Slim. Ingizeni diski, msubiri inakili gemu, kisha mtoto acheze nusu saa palepale dukani, muuzaji akinuna na anune. Katika nusu saa hiyo mtasikia kama feni inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, jambo ambalo kwa vumbi letu jekundu ni la kawaida na fundi anaweza kulisafisha, lakini likupunguzie bei. Shika waya wa HDMI pale unapoingia nyuma ya mashine uutikise taratibu. Picha ikipotea, tundu limelegea, usinunue. Iacheni pedi mezani bila kuishika: mchezaji kwenye kioo akitembea mwenyewe, kijiti cha pedi kimechoka. Toeni diski na kuirudisha mara tatu. Mwisho, muuzaji aifute mashine yote mbele yenu irudi kama mpya, na akaunti yake aitoe.

Mkifika nyumbani, ingia sehemu ya mipangilio inayohusu wazazi uweke namba ya siri. Namba inayokuja na mashine ni 0000, na kila mtoto wa Kidato cha Kwanza anaijua, kwa hiyo ibadilishe usiku uleule. Humo ndimo unapoweza kuzuia gemu zilizozidi umri. Saa za kucheza panga kwa mdomo wako mwenyewe: siku za shule hapana au nusu saa, Jumamosi na Jumapili saa mbili kwa kila mmoja. Kwa wiki za mwanzo pedi ziwe zinalala chumbani kwako.

Umeniuliza kama unazitupa fedha za dagaa. Hapana. Uliahidi kwa kazi, kazi ikafanyika, na mtoto amengoja kwa adabu akifuta meza. Ungezitupa kama ungenunua mashine inayolala kila bando linapoisha. PS4 laki 5 na nusu, punguza utakachoweza. Stabilaiza, pedi na diski hazitamaliza laki 3 na nusu iliyobaki, na kinachosalia kiweke pembeni kwa ajili ya fundi wa kuisafisha baada ya kiangazi kimoja.

Pedi ya pili usimchukulie Zawadi ile ya muuzaji yenye kijiti kilichochoka ili Yusufu apate nzima. Mwende naye dukani, aishike mwenyewe, aone kama vidole vyake vinafika kwenye vitufe vyote.